Nilivyopunguza picha za harusi kwa Terminal ya Mac

Picha za harusi moja hujaza folda nzima, na kila faili ya kamera yangu hupita MB 8. Familia huzitaka ndogo za kutumiana WhatsApp, tena leo leo. Kuzifungua moja moja kwenye Preview ni kazi ya kukesha.

Nimezoea Linux kwenye seva za kazini, basi nikafungua Terminal ya MacBook, dirisha la kuandikia amri. Amri nilizozoea, ls, cd, grep, zote zikaitika. Si ajabu: mwishoni mwa 1996 Apple ilitangaza kuinunua NeXT ya Steve Jobs, ikapata mfumo uliojengwa juu ya Mach na BSD, ukoo wa Unix, mfumo ambao Linux nayo huufuata, ulioanzia Bell Labs mwaka 1969. Humo ndimo ilimotoka Mac OS X ya 2001. Folda za /usr, /etc na /bin zipo hadi leo. Finder, programu ya Mac ya kuvinjari faili, huzificha tu.

Dawa yangu ilikuwa sips, amri ya kubadilisha picha ambayo huja na Mac yenyewe, huhitaji kupakua kitu. Niliingia kwenye folda ya picha nikaandika:

mkdir ndogo
sips -Z 1600 *.JPG --out ndogo

Hiyo -Z huagiza upande mrefu uwe pikseli 1600, na ule mwingine ufuate kwa uwiano. Usiache --out, maana bila hiyo sips huandika juu ya picha halisi, na hizo ndizo mteja alizolipia. JPG nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo kamera yangu inavyoandika. Zsh, sheli (programu inayosoma amri zako) ya kawaida ya Mac tangu Catalina ya 2019, hutofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye *.JPG, ingawa diski yenyewe kwa kawaida haijali kubwa wala ndogo.

Majina ya faili nilikuwa nayo kwenye orodha ya maandishi, nikataka kufuta "IMG_" kila mstari. Hapo sed, amri ya kuhariri maandishi, ikagoma. Ya Mac ni ya BSD, na -i yake (ya kubadilisha faili lenyewe) hudai uitajie kiambishi cha nakala ya akiba, hata kama ni kitupu:

sed -i '' 's/IMG_//' orodha.txt

Kwenye Linux hizo alama mbili tupu hazihitajiki. Kero ndogo, lakini skripti za kazini ukizihamisha zilivyo zitakukwamia papo hapo.

Kisha pbcopy < orodha.txt ikanakili orodha, nikaibandika kwenye ujumbe wa mteja, na open ndogo ikanifungulia dirisha la Finder nikague sura za watu kabla ya kutuma.