Picha ya Jumapili Iliyoingia 2015

Jumanne usiku, Kayole, Nairobi.

Mvua imekatika sasa hivi, mabati ya jirani bado yanadondosha. Nimekaa kitandani na kamera yangu ndogo, ile ninayoitia mfukoni pamoja na funguo. Imetengenezwa juzijuzi tu, lakini umbo lake ni la kamera za filamu za miaka ya 1980: plastiki tupu, tundu la kuchungulia, na kitufe kinacholia tak. Skrini ya nyuma inakaribia ukucha wa kidole gumba. Picha zake zina nukta 1440 kwa 1080, milioni moja na nusu na ushee, ilhali simu yangu hupiga za milioni 50. Naipenda kamera hii kwa dhati, na kila nikijaribu kujieleza kwa nini, narudi kwenye Jumapili iliyopita. Basi niiandike hiyo Jumapili kabla haijanitoka.

Baada ya kanisa nilishuka stendi ya Kencom na Baba. Siku hizi akija mjini ni benki au hospitali, kisha stendi, kisha nyumbani. Safari hii nilimwomba tutembee tu. Tukaenda polepole mpaka uwanja wa KICC, lile jumba la mikutano, mijakaranda njiani ishaanza kumwaga maua, nikamsimamisha karibu na sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi.

Alipoiona kamera akaniuliza, "Kijana, hicho si cha watoto?"

Hata hivyo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akairudisha. Akanyoosha kofia. Akasimama kama watu walivyokuwa wakisimama studio, mikono ubavuni, kidevu juu, pumzi kaishika. Nimempiga Baba mamia ya picha kwa simu na sijawahi kumwona akijiandaa hivyo. Simu ikielekezwa kwake yeye huendelea na mazungumzo yake.

"Ushapiga?"

"Nimepiga, Baba."

"Hebu nione."

Jua la saa saba lilikuwa kali na kile kiskrini hakikuonyesha chochote ila uso wake mwenyewe, ukirudi kama kwenye kioo. Akasema haya, tutaiona nyumbani, tukashika njia. Tulizunguka kwa muda wa kama saa mbili, City Market, Jeevanjee, tukarudi na Moi Avenue, na hatukusimama hata mara moja kuinamia skrini. Picha 19 zilitutosha.

Njiani nilimsimulia habari za Steven Sasson, yule mhandisi wa Kodak aliyeunda kamera ya dijitali mwaka 1975. Ile kamera yake ilirekodi picha kwenye kaseti, nukta 100 kwa 100, nyeusi na nyeupe, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa. Baba akasema sekunde 23 ni nini. Picha yake ya kwanza na Mama waliingoja wiki nzima, na mpigapicha alipoileta Mama alikuwa amefumba macho. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia.

Usiku ndio kazi ilianza. Memori kadi ya kamera hii ni ile ndogo kabisa, ikikuponyoka juu ya zulia utaitafuta kwa tochi. Nilikuwa na kisoma kadi cha Type-C nilichonunua Luthuli, nikakichomeka kwenye simu, na simu ikaniambia kadi haisomeki, niguse hapo niiandae upya. Nawasihi mnaosoma, msiguse! Kuiandaa upya ni kuifuta yote. Niliitoa, nikapangusa vile vipande vya rangi ya dhahabu kwa fulana kavu, nikairudisha taratibu, ikakubali. Folda ya DCIM, ambamo kamera huweka picha, ikafunguka na zote 19 zikiwemo. Nikazinakili bila kuzitoa kwenye kadi, maana nimeshawahi kupoteza picha za harusi ya dada yangu kwa kuzihamisha waya ukachomoka katikati.

Nyingi zina mbingu nyeupe pe. Sensa, kile kipande kinachonasa mwanga, ikiwa ndogo namna hii haiwezi kubeba jua la mchana na uso ulio chini ya kofia kwa pamoja, kimoja lazima kipotee. Ya Baba ndiyo iliyotoka. KICC nyuma yake imefifia kama imechorwa kwa penseli, na yeye yuko wazi, mpaka mkunjo wa tai unaonekana.

Nikamtumia kwa Quick Share, simu kwa simu, bila bando. WhatsApp huzibana picha, na hizi hazina cha kupunguza.

"Haijaingia," akasema.

"Imeingia, Baba. Tazama tena."

Ikabidi nisogee. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kuiweka kamera saa wala tarehe. Inajiona bado iko 1 Januari 2015, na simu hupanga picha kwa tarehe iliyoandikwa ndani ya picha yenyewe. Ya Jumapili hii ilikuwa imezama chini kabisa, chini ya kila kitu alicho nacho.

Akaanza kuteremka kwa kidole. Mahindi ya mwaka jana. Risiti. Wajukuu. Mazishi, ambayo aliyapita haraka. Alipofika 2019 kidole kikasimama. Mama, jikoni, ameshika sufuria kwa kitambaa, anamwambia mtu kitu, mdomo uko nusu. Baba akaileta karibu na macho.

"Hii nilipiga mimi?"

Sikujibu. Alikaa nayo mpaka skrini ikajizima, akaiwasha tena kwa kidole gumba. Kisha akaendelea kushuka, 2018, 2017, 2016, mpaka akajikuta amesimama mbele ya KICC na kofia yake.

Nilimwambia naweza kuirekebisha tarehe, ni kugusa mara mbili tu, ikae juu aione kila akifungua.

"Wacha hapo hapo," akasema.

Kamera nimeiwekea tarehe ya leo. Ile picha sijaigusa, wala kwenye simu yake wala kwenye yangu.

Leo jioni nilipitia studio moja River Road kuisafisha ile picha, inchi 4 kwa 6. Karatasi hiyo ni ndefu kidogo kuliko umbo la picha za kamera hii, kwa hiyo fundi akaniuliza akate juu ijae vizuri, au aache ukingo mweupe pembeni. Nikamwambia aache ukingo. Juu ndiko iliko kofia.