Siku daktari alipoagiza eksirei ya mkono

Hii ilikuwa 2016, tulikuwa Umoja kwa dada yangu. Binti yake alikuwa na miaka mitatu na kitu, na ploti nzima walikuwa wanamsifu, eti aki huyu mtoto anakua, unamlisha nini, sababu nguo za mtoto wa miaka sita zilikuwa zinamtosha. Lakini dada alikuwa ameniita chumbani akanionyesha kile majirani hawaoni: nywele sehemu za siri, chunusi usoni, na jasho la kwapa linanuka kama la mtu mzima. Kliniki ya mtaani walikuwa wamempa krimu tu wakamwambia arudi nyumbani.

Kwa hivyo nikaomba ofu tukapanda mat hadi tao, halafu nyingine hadi Upper Hill kwa daktari wa homoni za watoto. Yule mama alimpima mtoto polepole huku anaongea naye, na kitu cha kwanza kilichonishtua ni presha. Ilikuwa juu. Mimi presha nilikuwa najua ni ya kina shosho. Halafu akaagiza eksirei ya mkono wa kushoto, dada akauliza, "Daktari, na mkono haumuumi?" Akatuambia hatafuti kuvunjika, anataka kuona umri wa mifupa. Picha iliporudi, mifupa ilikuwa ya mtoto wa miaka sita hivi. Akatueleza kuna homoni za kiume mwilini zinaikimbiza, na ikiachwa hivyo itafunga mapema, huyu mrefu wa leo aje abaki mfupi ukubwani.

Akasema inaweza kuwa ugonjwa wa kuzaliwa nao wa tezi za adrenali, zile ndogo zinazokaa juu ya figo, ama ni uvimbe kwa tezi moja unatoa homoni bila breki. Damu na siti skani zikaonyesha ni uvimbe, upande wa kushoto, na unatoa testosteroni, ile homoni ya kiume, pamoja na kotisoli, homoni ambayo ikizidi inapandisha presha, ndio maana ya ile presha.

Mjomba wetu alisisitiza wakate kipande kwanza wapime, si ndio hufanywa? Daktari akakataa kabisa. Uvimbe kama huu ukitobolewa unaweza kumwaga seli tumboni, ni heri utolewe mzima na ganda lake. Halafu akageukia mama yetu, kwa heshima sana, "Shosho, kwenu kuna waliougua saratani wakiwa bado vijana?" Mama akanyamaza kitambo. Akataja dada zake wawili, matiti, wote hawakufika arobaini. Sisi tulikuwa tunajua walikufa, ya nini hatukuwahi kuambiwa, na nafikiri huo ukimya wa familia zetu unatuumiza sana. Kuna jeni inaitwa TP53, kazi yake ni kukinga mwili na saratani, ikiharibika inaweza kurithiwa, na uvimbe huu kwa mtoto ni moja ya dalili zake, kwa hivyo tukaambiwa tupimwe pia.

Upasuaji ulienda vizuri. Alirudi nyumbani na vidonge vya haidrokotisoni, vya kujazia kotisoli, sababu tezi ya pili ilikuwa imelala muda wote ile mbovu ikifanya kazi, na dada akaonywa asiruke dozi hata moja, na akipata homa au akitapika ampeleke hospitali mara moja. Testosteroni ilishuka, chunusi zikaisha, na kliniki ya kumfuatilia bado anaenda.