Kifungo

Kaka alikuwa fundi cherehani. Mwaka 2019 maneno yakaanza kumponyoka: mkasi akauita "ile ya kukatia". Tukasema ni uchovu. Alipoanguka kifafa dukani, shangazi akaleta kombe, na zahanati ikampa dawa ya malaria. Shangazi simlaumu. Lakini mtu akianza kifafa ukubwani, kichwa chake kipigwe picha. Laiti tungelijua hilo mapema.

Miezi miwili baadaye tulikuwa MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, mbele ya daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Picha ya MRI ilionyesha wingu jeupe upande wa kushoto.

"Huu ni uvimbe, tunadhani ni glioma," akasema. "Umeanzia humuhumu, kwenye seli zinazozishika na kuzilisha neva. Haukutoka kwingine mwilini."

Kaka aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akakunja ncha ya shati lake. "Dokta, hauna hii."

"Pindo?"

"Pindo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hauna. Umejipenyeza kwenye ubongo."

"Kama mafuta kwenye kitambaa."

"Kama mafuta. Ndiyo maana hautoki wote. Nitatoa kiasi nitakachoweza bila kukunyang'anya usemi."

Kipande kingepelekwa maabara kujua daraja lake, kuanzia la 1 hadi la 4, ambalo ndilo kali zaidi. Likiwa la 4, angekwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road kupigwa mionzi mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita, huku akimeza vidonge vya temozolomidi, dawa ya saratani. Kwa sasa angeanza dawa ya deksamethasoni, kupunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe.

Kisha daktari akashika kifungo cha koti lake. "Na hiki ni nini?"

Midomo ya kaka ilicheza, sauti haikutoka. Vidole vyake vikaanza kushona hewani: sindano juu, sindano chini, uzi ukazungushwa mara tatu, ukakatwa. Nikafungua mdomo.

"Usimsaidie, dada."

Tulitoka bila jibu. Kituoni, daladala ikiwa imeshasimama na konda akituita, kaka alinishika mkono, akashika na shati lake kifuani.

"Kifungo," akasema. "Turudi tukamwambie dokta. Ni kifungo."

Tukaiacha daladala, tukarudi.