Fulana Iliyovaliwa Ndani Nje

Dodoma, Jumapili jioni

Kesho saa moja asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, nitasimama mbele ya wafanyakazi wote wa kiwanda chetu cha kusindika zabibu, na tangu adhuhuri nimekaa kibarazani nikiandika nitakachowaambia. Mkurugenzi ameniomba, kwa kuwa mimi ndiye afisa rasilimali watu, niandae utaratibu wa kuwahamasisha wawe mabalozi wa kiwanda huko mitaani na vijijini wanakoishi. Mwaka jana niliombwa jambo hilohilo na nikalimaliza kwa jioni moja. Mwaka huu nimekwisha kuchana karatasi tatu, na kabla sijaanza ya nne nimeona niweke hapa kilichonibadilisha.

Utaratibu wa mwaka jana ulikuwa mwepesi. Niliagiza fulana zenye nembo ya kiwanda kifuani na maneno “Mimi ni Balozi” mgongoni, nikamtaka kila mfanyakazi aweke picha ya kiwanda kwenye stetasi yake ya WhatsApp mara moja kwa wiki, nikaahidi zawadi kwa atakayefanya vizuri kuliko wenzake. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa hiyo nilihakikisha fulana zinafika Julai, mapema kabla ya mavuno ya pili. Picha zikaanza kuonekana na mkurugenzi akafurahi. Nami nilifurahi.

Wiki ya tatu ya Agosti nikafuatana na dereva hadi kituo chetu cha kupokelea zabibu katika kijiji kimoja upande wa Mpunguzi. Tulifika yapata saa nne. Kreti zilikuwa zimepangwa kivulini chini ya mwembe, nyuki wamezizingira kwa sababu ya utamu uliokwisha kuvuja, na wakulima walikuwa wameketi juu ya mawe wakisubiri zamu. Karani wetu wa mizani alikuwa kazini kama kawaida yake, kalamu sikioni, daftari juu ya goti. Alikuwa amevaa fulana niliyompa, ila ameivaa ndani nje. Mishono yote ilionekana, na pale kifuani, nembo ilipokuwa imedariziwa, kulikuwa na nyuzi zilizokatikakatika zikining'inia. Maandishi ya mgongoni yalisomeka kwa shida, kinyumenyume, kama kivuli.

Nilimvuta pembeni nikamuuliza, na nakiri kwamba sauti yangu haikuwa ya upole. Akanijibu taratibu, “Dada, hapa ninapopima ndipo ninapoishi. Yule mzee mwenye kreti sita ni shemeji yangu, na fedha zake za mavuno ya Machi hajazipata. Nikiyageuzia maandishi haya nje, ataniuliza mimi. Nimjibu nini?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Ukweli ni kwamba kiwanda chetu hukamua zabibu na kuuza mchuzi wake kwa watengenezaji wa mvinyo, na mwaka ule wanunuzi wetu wakubwa walichelewa kulipa, nasi tukawachelewesha wakulima. Hiyo ni sababu, ingawa haimwondolei mkulima haki yake. Lakini hata sababu hiyo karani hakuwa akiijua. Ilikuwa inajulikana katika chumba cha mikutano cha ghorofani, kwa watu wanne au watano, ambao hakuna hata mmoja wao anayekaa jirani na mkulima wa zabibu. Yule tuliyemwandika ubalozi mgongoni ndiye tuliyemnyima habari, kisha tukamtuma mbele ya shemeji yake akiwa mikono mitupu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria upya neno lenyewe. Tunapolitumia maofisini huwa tunamfikiria balozi wa nchi, mwenye bendera kwenye gari, anayesema alichoagizwa na serikali yake na kisha kurejea kwao muda wake unapokwisha. Sisi Watanzania tunaye balozi mwingine, tuliyemzoea tangu enzi za TANU, balozi wa nyumba kumi. Huyo hana mshahara wala gari. Mgeni akiingia mtaani hupelekwa kwake, wanandoa wakigombana humfuata usiku, na anayehitaji barua ya utambulisho hubisha mlangoni kwake kabla hajafika ofisi ya mtaa. Neno lake lina uzito kwa sababu ua wake umepakana na wako, akikudanganya leo, kesho mtakutana bombani. Mfanyakazi wa kiwanda chetu ni balozi wa namna hii, atake asitake, awe na fulana au asiwe nayo. Kila jioni ataulizwa habari za kiwanda, na atakachojibu kitategemea kama anaweza kukisema leo na bado kumtazama jirani machoni baada ya mwezi.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa juu ya Frederick Herzberg, Mmarekani ambaye mwaka 1959 alichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, akasema kwamba mambo yanayomkera mtu kazini na yale yanayomtia ari si pande mbili za kitu kimoja. Ujira na mazingira ya kazi yakiwa mabaya humchukiza, yakirekebishwa chuki hupungua, lakini ari hutokana na kuona kazi yake ina maana na kwamba anatambuliwa. Nililikariri kwa ajili ya mtihani. Sasa naliona kila siku, tena kwa mpangilio uleule, kwa maana hakuna utambuzi unaoweza kutangulia deni. Katika sekta binafsi michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwetu nusu hukatwa kwa mfanyakazi na nusu hutolewa na mwajiri. Mwaka jana miezi miwili ya michango yetu ilichelewa kuwasilishwa. Vijana wa ghala waliligundua jambo hilo kwenye simu zao, wiki ileile niliyokuwa nikiwahimiza waweke picha za kiwanda. Walizitii amri zangu na picha wakaziweka. Nikikumbuka jinsi nilivyozihesabu picha zile kama ushahidi wa mapenzi yao, moyo unaniuma.

Kilichonipa matumaini ni maonesho ya Nane Nane ya mwaka huu, katika viwanja vya Nzuguni. Siku ya kwanza bandani kwetu tuliweka vijana wawili wa kukodi, wachangamfu, waliokariri vipeperushi. Mama mmoja mkulima akaja akauliza kwa nini zabibu zake zilirudishwa msimu uliopita ilhali zilikuwa kubwa na nzito kuliko za jirani yake. Vijana wakamsifia kiwanda. Akarudia swali, wakamsifia tena. Mwendesha mashine wetu ya kukamulia, mtu mkimya ambaye alikuwa amekuja kubeba meza tu, akaomba nafasi. Akachukua punje moja, akaiminya juu ya kioo cha kile kipimo kidogo cha sukari, akamwelekeza mama akishike kuelekea kwenye mwanga na achungulie mwenyewe pale mstari ulipokomea. Kisha akamweleza kwamba mzabibu ukimwagiliwa maji mengi karibu na mavuno punje hujaa na uzito huongezeka, ila sukari huzimuliwa, na mchuzi wa namna hiyo hautoi mvinyo unaokubalika. Akaongeza jambo ambalo mimi nisingethubutu kulisema: “Lakini na sisi tulikosea, mama. Tulipaswa kukupimia mbele yako, usirudishiwe kreti bila maelezo.”

Mama yule alikaa bandani karibu nusu saa. Aliporudi siku ya pili alikuja na wenzake watatu, na hawakumtafuta mtu mwingine ila “yule fundi wa mashine.” Mwendesha mashine huyo ana miaka tisa kazini, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa na mtu wa nje kuhusu kazi anayoifanya kila siku. Jioni alipokuwa akikunja meza nilimsikia akipiga mluzi.

Kwa hiyo karatasi ya nne haina fulana. Imeanza na habari: bei ya msimu, tarehe za malipo na sababu ya ucheleweshaji wowote zitafika kwa wafanyakazi kabla hazijabandikwa getini, na makarani wa vituo watapigiwa simu siku hiyohiyo. Kipimo cha sukari kitakaa kituoni, mbele ya mkulima. Suala la stetasi nimelifuta kabisa, atakayependa ataweka. Mkurugenzi ana hofu kwamba watu wakijua mengi watasema mengi, na ninaielewa hofu hiyo, maana zipo siri za wanunuzi na za bei ambazo ni halali kuzilinda, nazo tutazitaja waziwazi kuwa ni siri. Lakini mfanyakazi aliyekatazwa kusema kwamba tulichelewa kulipa hanyamazi. Hulisema kwa sauti ya chini, bila sababu wala tarehe, na hapo ndipo linapoota mizizi.

Bado kuna aya moja sijaimaliza, ile ya michango ya NSSF. Nataka kesho niwaambie wafanyakazi ni miezi gani ilichelewa na lini iliwasilishwa, na mkurugenzi hajaniruhusu. Nimempigia simu mara moja alasiri hakupokea. Ni saa mbili kasoro usiku sasa, na nadhani atakuwa amekwisha kurudi kutoka kanisani. Nitampigia tena kabla sijala.