Mwezi wa pili juu ya kisiwa changu

Kisiwa ninachokibuni katika hadithi yangu kinatawaliwa na makuhani wa bahari. Wao ndio wanaotangaza lini bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, lini maji mafu, yaani maji madogo, na anayeshuka pwani bila ya ruhusa yao hunyimwa maji ya kisima. Nikamsomea ami yangu, mvuvi wa Kojani, Pemba. Akacheka.

"Mwanangu, bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mtoto yeyote anahesabu kwa vidole. Kuhani wako atakula nini?"

Basi nikatia mwezi wa pili angani. Sasa miezi inavutana, maji yanajaa ovyo, na daftari la hesabu liko hekaluni tu. Hapo utawala ukashika.

Hekalu lenyewe nimeliiba Pujini, huko huko Pemba, kwenye ngome ya mtawala Mkama Ndume ya karne ya 15, yenye chumba chini ya ardhi na siwa, ile pembe ya watawala, iliyofinyangwa ukutani. Masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Hilo sikulitia, wasomaji wangesema nimezidisha chumvi.

Ami sasa ana jipya: bila ya majahazi ya nje, nguo wanapata wapi? Nafikiria pamba.