Jeraha la kichwa pale ambapo CT skani iko mbali

Mgonjwa aliyeumia kichwa akifika kwenye hospitali isiyo na CT skani, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, mara nyingi kinachoanza ni barua ya rufaa. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapotuponyoka. Pigo lenyewe limeshaharibu lilichoharibu, na hakuna dawa ya kulifuta. Kinachoendelea kuua ubongo katika saa zinazofuata ni kukosa oksijeni na kushuka kwa presha, na hayo mawili huzuiwa kwa vifaa vya kawaida vya chumba cha dharura.

Aliyepoteza fahamu akilazwa chali, ulimi huanguka nyuma na matapishi huingia mapafuni. Nyonya damu na matapishi, sukuma taya la chini mbele bila kukunja shingo, kwani shingo nayo huenda imevunjika, kisha toa oksijeni. Oksijeni ya damu chini ya asilimia 90 ni hatari. Lenga 94 na kuendelea. Kama hakuna awezaye kuingiza mpira wa kupumulia kooni, mgeuze alale ubavu, mwili wote kwa pamoja kama gogo, mtu mmoja akishikilia kichwa. Ukiona maji maangavu au damu ikitoka puani au sikioni, au weusi umezunguka macho yote mawili, usipitishe mpira wowote puani: huenda kitako cha fuvu kimepasuka.

Namba ya juu ya kipimo cha presha kwa mtu mzima isishuke chini ya 110. Tumia maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Usitundike dripu ya dekstrosi ya asilimia 5, kwa sababu mwili ukishaitumia ile sukari hubaki maji matupu, nayo huvimbisha ubongo. Pima sukari hata hivyo. Ikiwa imeshuka, irekebishe mara moja. Na presha ikiwa chini, usikimbilie kulaumu kichwa. Kagua kifua, tumbo, nyonga na mapaja. Ngozi ya kichwa nayo humwaga damu nyingi kuliko bandeji inavyoonyesha, hivyo ishone mapema.

Fahamu hupimwa kwa kipimo cha Glasgow: kufumbua macho hadi 4, kauli hadi 5, mwendo wa viungo hadi 6. Andika kila namba peke yake, si jumla tu, maana atakayepokea zamu anahitaji kujua ni kipi kilichoshuka. Jumla ya 8 au chini yake maana yake hawezi kulinda njia yake ya hewa. Rudia kila nusu saa, ukimulika mboni zote mbili. Anayeumiza roho zaidi ni yule aliyefika akizungumza, akaachwa “apumzike”, kumbe damu inakusanyika kati ya fuvu na utando wa ubongo. Jumla ikishuka kwa 2, au mboni moja ikitanuka, hiyo ni dharura ya upasuaji hata bila picha. Harufu ya pombe isikupumbaze.

Kwenye dawa, asidi ya traneksamiki, ambayo hupunguza kuvuja damu, hutolewa ndani ya saa 3 tangu ajali: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Deksamethasoni, ambayo ni steroidi, iacheni kabisa. Utafiti wa CRASH wa mwaka 2004, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa dawa za steroidi huongeza vifo, na bado kuna wanaozichoma kwa mazoea.

Manitoli, dripu ya kupunguza uvimbe wa ubongo, ni ya kununua muda kwa anayezidi kudidimia, tena ikiwa presha haijashuka, kwa sababu huvuta maji mengi kwenda kwenye mkojo. Dozi ni gramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo; mtu wa kilo 60 kwa dozi kamili hupata mililita 300 za manitoli ya asilimia 20, kwa dakika 15 hadi 20. Kagua chupa kwanza: kwenye baridi hutengeneza chembe kama sukari. Weka mpira wa mkojo, na inua kichwa cha kitanda nyuzi 30.

Kabla ya safari, piga hesabu ya oksijeni. Lita 10 kwa dakika kwa saa 2 ni lita 1,200. Ongeza nusu yake, maana magari huharibika. Anayesindikiza awe anajua kunyonya koo na kupima fahamu, na aandike namba hizo njiani pamoja na saa.