Namna tulivyorudisha saa za masomo katika sekondari yetu, Lubumbashi

Nilipopewa uprefe, yaani ukuu wa shule, katika sekondari moja huku mtaa wa Katuba, wazazi walidai jambo moja tu: watoto wafaulu Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Walimu waliomba vitabu na maabara. Mimi nilianzia kwenye saa. Ratiba ya sekondari nchini mwetu Kongo inatenga dakika 50 kwa kila kipindi, lakini ratiba ya ukutani ni kitu kimoja, kinachofundishwa ni kingine.

Kila darasa nililigawia daftari. Kiongozi wa darasa aliandika saa mwalimu alipoingia, somo lenyewe na saa alipotoka, kisha mwalimu akatia sahihi. Mwalimu wetu wa kemia, mkubwa kwangu kwa umri, alikuja ofisini: "Mama Prefe, sasa watoto ndio wanatuchunga?" Nikamjibu, "Hapana, Papa. Nikienda kwa wazazi kutetea prime yenu, ile hela wanayowachangia, nataka niwe na kitu mkononi." Hakuridhika, ila alisaini.

Daftari lilitoboa mambo ambayo hayajawahi kusemwa kikaoni. Saa ya kwanza ilikuwa inaliwa, hasa mvua zikianza mwezi wa Novemba. Hisabati ya mwaka wa nne ilipotea siku zilezile kila juma. Wala si uvivu. Walimu wetu kadhaa ni "nouvelles unités", hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Wanaishi kwa prime ya wazazi na kwa saa wanazookota shule nyingine. Mtu anakimbilia mtaa wa Ruashi kutafuta chakula cha watoto wake, barua ya onyo itamsaidia nini? Tuliivunja ratiba yote, mimi na mkurugenzi wa masomo, tukakusanya saa za kila mwalimu wa namna hiyo kwenye siku chache ili siku zilizobaki awe huru kabisa. Saa ya kwanza tukawapa wanaokaa karibu.

Minerivali, yaani ada ya shule, ilitutesa zaidi. Tangu 2019 shule za msingi za Serikali ni bure, ila sekondari wazazi bado wanalipa, na desturi ya kufukuza watoto imeota mizizi. Mtoto anaitwa jina mbele ya wenzake, anarudi nyumbani, mama yuko sokoni, basi anazurura mpaka deni lipatikane. Jambo hili linaniuma hadi leo: deni ni la mzazi, anayeadhibiwa ni mtoto. Tulikubaliana na kamati ya wazazi kwamba hakuna atakayetolewa darasani, na kila mzazi achague namna ya kulipa. Wanaouza soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, walileta kidogo kidogo kila Jumamosi. Wenye mshahara wa mwezi walisaini tarehe. Kuna mwezi sanduku lilikaribia kukauka na prime ikachelewa. Niliwafungulia walimu vitabu vya fedha wajionee wenyewe, na hakuna aliyegoma.

Saa zilipotulia, ndipo nikaanza kukaa nyuma ya madarasa. Utafiti wa Viviane Robinson na wenzake wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kiongozi anayejifunza pamoja na walimu wake huwafaa wanafunzi kuliko anayeishia kwenye makaratasi, nami nimeliona kwa macho. Kwa yule Papa wa kemia, karibu kipindi kizima watoto walinakili ubao. Baadaye, chini ya mwembe, nilimuuliza yeye ameonaje. "Wameandika sana," alisema.

Juma lililofuata alimwita msichana mmoja asawazishe mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni zinazofanya maji. Akaandika H2 + O2 → H2O2. Hesabu ikakubali, darasa likapiga makofi. Papa akauliza taratibu: "Hayo ni maji? Nani atayanywa?" Kelele zikaanza. Walibishana wenyewe mpaka wakaelewa kwamba ile namba ndogo ya chini haiguswi, inayobadilishwa ni ile ya mbele: 2H2 + O2 → 2H2O. Kengele ililia bado wanabishana.

Sasa walimu vijana wa fizikia wanaomba kukaa darasani kwake, na nimewatengea saa kwenye ratiba. Zamu ya mchana bado inanisumbua: umeme ukikatika na mawingu yakifunga, ubao hauonekani. Kamati imekubali kununua paneli za jua kwa madarasa ya wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kabla mvua hazijaanza.